Boksi Lile Halikupata Joto

Ndera, Jumamosi, saa kumi jioni

Mwanangu Uwase,

Kwetu Karagwe barua ilianza kwa kuulizana afya. Yako naijua. Umetoka hapa saa tisa na mama yako kwenda Gahanga kumuaga shangazi, unalalamika viatu vipya vinakubana, na ulipofika getini ukageuka kuniuliza kwa nini mimi siendi. Nikasema nina friji ya mteja ya kumaliza. Hakuna friji. Ile unayoiona barazani ilishapona tangu Alhamisi, inamsubiri mwenyewe tu. Nimebaki ili nikuandikie.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala za kunywa maji kwenye joto la huko, wala za nani wa kumpigia simu ukifika Doha. Hayo mama yako ameshakuambia mara tatu, na ya nne inakuja kesho asubuhi njiani. Mimi nina jambo moja. Nimelikalia kwa miaka miwili na ushei, na sasa nimekaa nalo hapa kwenye meza ya jikoni.

Jambo lenyewe ni hili: wale minyoo hukuwaua wewe. Niliwaua mimi.

Nimeliweka juu kabisa kwa sababu najijua. Ningeanza kuzunguka mbuyu, ningefika ukurasa wa pili bado nakueleza habari za mvua, halafu mngerudi. Sasa limeshakaa kwenye karatasi. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata kama ni kwa hasira. Na kama unashangaa kwa nini naandika Kiswahili, ni kwa kuwa Kinyarwanda cha kuandika kinanishinda, unajua unavyonicheka. Halafu Kiswahili ndicho chetu sisi wawili. Mama yako akitusikia anadhani tunamsengenya, na mara nyingi anakuwa hajakosea.

Baadhi ya haya unayajua kuliko mimi. Nitayarudia hivyo hivyo, maana wewe uliyaona kutoka kwenye miti, na mimi nilikuwa nyuma ya dirisha.

Tulikuwa na miparachichi minane. Ulikuwa mwaka wa mwisho chuoni, unatafuta jambo la kuandikia kitabu chako cha kumaliza masomo, na miti ikaanza kukauka matawi. Uliniita ukanionyesha unga wa mbao chini ya shina, na juu yake tundu unaloweza kuingiza kalamu. Nilikuambia, "Huyo ni bungua." Kwetu alikula mibuni ya babu yako. Babu alikuwa na spoku ya baiskeli aliyoinyoosha ncha, anaweka sikio kwenye mti, anasikiliza mdudu anavyotafuna, kisha anachomeka spoku tunduni na kuizungusha mpaka itoke na ute. Nilipoondoka Karagwe kuja huku, alinipa spoku ile. Nilikuwa kijana, nikaona mzee amenipa chuma chakavu. Niliipoteza kabla ya mwaka kuisha, na hadi leo sijui niliiacha wapi.

Kwenye miparachichi spoku isingefaa kitu, njia ya bungua inaingia ndani mno na inapinda. Ndipo ukaja na habari ya minyoo. Ukaniambia iko minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inaishi udongoni, haina shida na mtu wala mti, kazi yake ni kumtafuta mdudu na kumwingia mwilini. Unaichanganya na maji, unaipiga tunduni kwa sirinji, inaogelea yenyewe gizani mpaka imfikie bungua, na ndani ya siku chache bungua amekufa. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikasema, utoto wangu wote nimemezeshwa dawa ya minyoo, leo mwanangu ananiletea minyoo nyumbani kwa hiari yake. Ulicheka pia. Lakini ulinikazia macho, nikajua hutanii.

Ulipanga kila kitu. Miti minne utaitia minyoo, minne hutaigusa, ili ulinganishe. Ukaiandikia namba kwa chaki. Ukaniomba boksi la baridi la kuwabebea kutoka kile kituo cha utafiti kule Kusini, maana joto linawaua. Hiyo kazi niliifanya kwa moyo wangu wote, Uwase. Nilichukua povu la ukuta wa friji iliyokufa, nikapiga tabaka mbili, nikaziba kila pembe, nikalijaribu siku nzima juani na kipimajoto ndani. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Ulilibeba mgongoni kwa kamba, ukaenda.

Ulirudi jioni na chupa zako, ukaziweka rafu ya chini ya friji, karibu na maziwa. Mama yako akafungua akaona maandishi yako. "Inzoka muri frigo yanjye!" Minyoo kwenye friji yangu! Siku mbili hakunywa chai ya maziwa. Wewe ulikaa mbele ya friji ile ukiangalia kipimajoto kila saa, na mimi nilikaa barazani nikikuangalia wewe. Nilikuwa na fahari. Nilikuwa na woga pia, na woga ndio ulioshinda.

Jirani yetu Karoli ndiye aliyeupalilia, ingawa simlaumu. Alikuja kuazima ngazi, akaona namba za chaki, nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Muzehe, ile minyoo haiwezi kitu. Iko ya kuchezesha watoto ya shule. Miti itakufa, na mtoto atacekwa huko kwa maprofeseri. Tia dawa, mambo iishe."

Mtoto atachekwa. Neno hilo lililala na mimi, likaamka na mimi.

Siku ya kutia minyoo ulikwenda chuoni asubuhi kuchukua sirinji zako. Ulisema utaanza jua likishapoa, maana jua nalo linawaua. Ukasimama mlangoni, ukaninyooshea kidole namna ile ya mama yako. "Papa, usiguse kitu. Hata ukiona bungua iko nakucheka, umuache tu."

Nikasema, "Yego." Ndiyo.

Ulipopotea tu barabarani nikachukua kopo la dawa ya wadudu nililonunua jana yake pale senta. Nilikuwa nimeshapanga. Nitatia dawa kwenye miti yako minne, ile ya minyoo, hiyo tu. Bungua watakufa kwa dawa, wewe utadhani wamekufa kwa minyoo, utaandika kitabu chako, utapigiwa makofi, na hakuna atakayejua. Uone baba yako alivyo na akili. Na ili usinuse harufu, nikaipunguza makali kwa maji. Nikaongeza maji. Nikanusa, nikaongeza tena.

Nilitia mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, ule wa banda la sungura, tundu lake liko juu kwenye panda, nikaanza kupanda na goti langu hili. Ndipo nikasikia geti. Ulikuwa umerudi mapema. Niliruka chini, nikaficha kopo kwenye majani ya sungura, nikakupokea mfuko wako. Uliniuliza mbona ninahema. Nikasema nilikuwa nafukuza paka.

Jioni ile ulinipa kazi ya kutikisa chupa, kwa sababu minyoo wanazama chini wasipotikiswa. Wewe ukasafisha matundu kwa waya, ukapiga maji yako taratibu mpaka yakafurika, ukaziba kwa udongo. Mti mmoja mmoja. Kwenye kila tundu ulikuwa unasema kitu kwa sauti ya chini, nikakuuliza, ukaniambia unawatakia safari njema. Na mimi nimesimama nyuma yako natikisa chupa, najua ninakowapeleka. Hapana, niseme kweli: sikujua. Nilidhani dawa inaua mdudu mkubwa na minyoo itapita tu, kwani mnyoo ni mdudu? Sikuuliza. Ningekuuliza swali moja tu, ungenijibu hata kabla sijalimaliza.

Baada ya siku kumi ulikata matawi ya miti mitatu ya kwanza ukayapasua. Bungua walikuwa wazima, wanene, weupe, wanajikunja kwenye mwanga. Dawa yangu niliyoizimua kwa woga wa harufu haikuwafikia kule ndani. Iliwafikia minyoo. Ulipeleka vipande chuoni, ukaweka maji yake chini ya hadubini, ukarudi, ukakaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua begi. Ukasema wote wamenyooka kama sindano, na mnyoo akiwa hai hujikunja. Ukasema ni wewe. Ni basi ulilorudi nalo kutoka Kusini, liliharibika njiani, likasimama juani saa nzima, ungeshuka na boksi ukatafute kivuli, hukushuka.

Na hukubakiza hata tone la kulinganisha kwenye chupa. Uliyamimina yote, ili miti yangu isipungukiwe.

Uwase, mimi ni fundi wa friji. Najua boksi langu. Boksi lile lingekaa juani kutwa, sembuse saa moja. Wewe ulipokuwa unalia pale kwenye ngazi, mimi niliyefanya kazi ya baridi miaka yote hii nilikuwa najua kwa hakika kwamba boksi halikupata joto, na kwa hiyo nilijua nani aliyewaua. Sentensi ilikuwa mdomoni. Badala yake nikakuambia "Ihangane," yaani vumilia, nikaenda kukupikia chai.

Ulitaka kuukata na mti wa nne, wa banda la sungura, uone. Nilikukatalia. Tundu lilikuwa kwenye panda, kukata pale ni kupoteza nusu ya mti, na mama yako anaupenda kuliko yote. Hivyo ndivyo nilivyosema. Ukaandika kwenye daftari: haukufunguliwa.

Wiki iliyofuata upepo wa mvua uliupasua wenyewe. Ulikuwa chuoni. Nilitoka nikakuta nusu ya mti imelala juu ya banda, sungura wamechanganyikiwa, na kwenye pasuko njia ya bungua imefunuka yote. Mwisho wa njia alikuwamo. Mwekundu, rangi ya tofali. Mlaini, haoneshi dalili ya uhai, na hanuki. Nilikwenda chumbani kwako nikasoma daftari lako, kitu ambacho sikupaswa kufanya, nikakuta umeandika kwa mkono wako mzuri ule: akiuawa na minyoo hawa hugeuka rangi ya tofali, haozi, hanuki.

Waliweza. Waliogelea gizani kama ulivyosema, wakampata. Pale ambapo mkono wangu haukufika, walifanya kazi yao.

Nilimshika bungua yule kiganjani. Nilichotakiwa kufanya ni kumweka kwenye kopo na kukusubiri getini. Lakini ungeuliza kwa nini mti huu tu. Wewe unauliza, ndivyo nilivyokulea. Na ningekuwa sina jibu ila lile. Nikachimba shimo dogo kwa kijiko chini ya mti, nikamfukia, nikapiga udongo kwa mguu.

Nikajiambia nitakuambia kabla hujaandika sura ya mwisho. Ukaiandika. Nikajiambia kabla ya siku ya kukitetea kitabu. Siku ile nilivaa koti langu la harusi, mama yako akabeba maua, tukakaa mstari wa nyuma. Ulisimama mbele ya wale walimu watatu umenyooka, nilikuona mdogo sana. Yule wa katikati, mwenye miwani, ndiye uliyekuwa unamtaja kila siku, ndiye aliyekuwa na nafasi ya msaidizi kwenye maabara yake, na tulijua wote kwamba anakuangalia wewe. Akakuuliza minyoo walikufa lini. Ukasema, "Njiani. Kwa uzembe wangu." Akakuuliza kwa nini hukubakiza kidogo kwenye chupa. Ukasema huna sababu.

Ulikuwa na sababu. Sababu ilikuwa imekaa mstari wa nyuma imevaa koti.

Nilikuwa na miguu. Nilikuwa na mdomo. Chumba kile hakikuwa kikubwa, ningesimama tu wote wangegeuka. Nilikaa. Na walipotangaza kwamba umefaulu, nikapiga makofi, kwa nguvu kuliko watu wote, hadi mama yako akanishika mkono.

Ulifaulu, lakini yule mwalimu alimchukua mwenzako. Nawe hukulalamika. Ulichosema ni neno moja, tukiwa tunakula, kama vile unasema chumvi imezidi: "Mimi siwezi kushika kitu chenye uhai." Kisha ukaenda kufunga maboksi kiwandani Masoro, mwaka mmoja na nusu, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Hata mbegu ya nyanya hujapanda tena. Shangazi yako alikupa ua kwenye chungu, ukampa mama yako siku hiyo hiyo. Sasa unakwenda kutandika vitanda vya hoteli, kazi halali, sina neno nayo hata moja. Nina neno na lile ulilosema mezani. Unalibeba kwenda nalo ng'ambo na si lako, ni mzigo wangu umebandikwa jina lako.

Unaweza kusema, Papa alikosea mara moja, kwa mapenzi. Natamani ingekuwa mara moja. Unakumbuka chungu cha udongo, ulipokuwa darasa la nne? Mwalimu alitaka kila mtoto afinyange chungu nyumbani. Chako kilikuwa kinainama upande. Ulipolala nikakivunja nikafinyanga kingine, kizuri, na shingo. Ukawa wa kwanza. Kesho yake mwalimu akakuita mbele ufinyange kingine wenzako waone, na udongo ukakuangukia mikononi darasa zima likiangalia. Ulirudi ukaniambia hutaki tena kuwa wa kwanza. Miaka kumi ulikuwa nayo. Nilikununulia andazi, nikadhani yamekwisha.

Kwenye kazi yangu kuna kosa la mafundi wanaojifunza. Friji ikiwa haigandishi vizuri wanaongeza gesi. Bado? Wanaongeza tena. Gesi ikizidi kompresa inafanya kazi kwa shida, inachemka, inakufa. Nimewafokea vijana wangapi kwa kosa hilo! Naingia dukani naona mtu ameongeza gesi namwita mjinga, narudi nyumbani naongeza kwa mwanangu.

Nilijaribu kurekebisha, nataka ulijue hilo pia, ingawa halikusaidia. Tiketi yako ilipopatikana nilikwenda chuoni kwako peke yangu. Nikamuulizia yule mwalimu wa miwani. Alishahama nchi. Nikamweleza kijana mmoja wa ofisini kwamba kuna kitabu kina kosa na kosa ni langu. Alinisikiliza kwa heshima. Akanipeleka kwenye rafu, kitabu chako kipo, kimejalidiwa kwa bluu, jina lako limepigwa kwa rangi ya dhahabu. Akasema, "Muzehe, kikishafungwa hakibadilishwi." Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikasoma mahali ulipoandika kwamba minyoo walikufa kwa joto kutokana na uzembe wa mtafiti. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nikakirudisha kwenye rafu, nikapanda pikipiki nikarudi.

Mama yako anajua. Alilikuta kopo la dawa kwenye majani ya sungura wiki ile ile, na yeye si mtu wa kuelezwa mara mbili. Alingoja niseme. Juzi usiku wa kufunga begi alichoka kungoja. Aliniambia nikikuacha upande ndege bila kujua, atakuambia yeye kwa simu, na kwenye simu sitaiona sura yako ikibadilika, na hiyo itakuwa ndiyo adhabu yangu. Nikaona kuna adhabu ninayostahili na kuna nyingine ninayoweza kuikwepa kwa kuwa mwoga tena.

Miti mingine saba unajua ilivyoishia. Minne uliyoiacha ya kulinganisha ulikuwa umeahidi kuitia minyoo baadaye, na baadaye haikuja. Imekauka mmoja baada ya mwingine, nimeikata kabla haijaangukia ukuta wa Karoli. Umebaki nusu mti wa banda la sungura. Mwaka huu umezaa hadi tawi linagusa bati. Kila ukipita pale unasema, "Huu ulikuwa na bahati." Nami nachuma, namenya, nakula na wewe. Haukuwa na bahati, mwanangu. Ulikuwa na wewe. Ndio mti pekee uliotibiwa na mkono wako bila mkono wangu, na ndio pekee uliosimama.

Sijui nikuombe nini. Kukuomba usiende siwezi, umeshaweka sahihi, na nikikuomba nitakuwa tena nimechukua kopo la dawa. Kukuomba urudi kwenye wadudu wako siwezi pia. Labda umewachoka, labda hutaki tena kuwasikia. Kukuomba msamaha naweza, na nakuomba, lakini naona aibu kwa sababu msamaha nao ni kitu nitakachopata mimi, wewe hutapata nafasi ile ya maabara kwa kunisamehe. Natafuta cha kukupa natazama mikono yangu, haina kitu. Nimezoea kitu kibovu kikiletwa mbele yangu nipate bisibisi. Hiki hakina skrubu.

Kilichobaki ni ukweli, nao umechelewa. Ushike hivyo hivyo. Uliwabeba kutoka Kusini mpaka hapa na walifika hai. Uliwaweka kwenye baridi sahihi. Uliwatia kwa wakati sahihi, kwa mkono mzuri, na ukawatakia safari njema. Walikufa kwa sababu mimi niliogopa kukuona ukishindwa, nikahakikisha umeshindwa.

Nilipanga kuichomeka barua hii kwenye begi lako, chini kabisa, ndani ya sweta ambalo hutalihitaji. Ungeikuta baada ya wiki, au mwezi. Ungelia au ungenitukana huko huko, na ukinipigia simu ungekuwa umeshapoa. Nilikuwa nimeshalikunja sweta hata. Kisha nikajiona nilivyo: huyu ni yule yule mtu anayeficha kopo kwenye majani.

Kwa hiyo siiweki kwenye begi. Utaisoma leo, hapa jikoni, nikiwa nimekaa mbele yako. Ukitaka kunifokea nifokee kwa lugha yoyote, ukitaka kwenda kulala kwa shangazi yako Gahanga nitakuitia gari. Ukisoma na kesho bado hutaki kunisemesha, nitakubebea begi hadi uwanja wa ndege bila kusema neno, na nitasimama mbali unapoagana na mama yako. Chochote utakachofanya, sitaongeza kitu.

Nasikia geti. Nasikia na viatu vyako, unachechemea. Kwenye mti wa nne niliposikia sauti hii nilificha nilichokuwa nacho mkononi. Leo nakuja kukufungulia na barua hii mkononi.

Baba yako